Hodi ya Tatu

Kwa Kiswahili cha kawaida, kumvaa mtu ni kumrukia na kumkaba ukosi. Katika mji wa Kisangole neno hilo lilikuwa na maana ya pili, ya heshima na ya kisheria, na kwa miaka kumi na mitano kazi ya Gwantwa ilikuwa kuhakikisha kwamba maana hizo mbili hazikutani.

Asubuhi ya Jumatano, siku tatu kabla ya kumbukumbu ya miaka arobaini ya msiba wa ziwa, alijifungia katika chumba cha kupepetea nyuma ya Makumbusho ya Ghala, akafunua mtungi wa udongo na kutoa utando wa Bibi Subilaga. Ulikuwa mwembamba kama ule unaoganda juu ya maziwa yaliyopoa. Ulikuwa kiumbe hai, jamii ya uyoga. Ulilazwa kisogoni mwa manusura kwa siku saba, nao ukanywa kile ambacho mwili wake ulikiweka. Haukunywa masimulizi yake, maana masimulizi hupambwa na mdomo. Ulikunywa baridi ya sakafu, harufu ya watu waliobanana, moyo unavyokwenda mbio. Ukiuhamishia kisogoni mwako, saa ile ya manusura inakuwa saa yako.

Hivyo ndivyo Kisangole ilivyoamua kutosahau. Kila kijana aliyetimiza miaka kumi na minane alimvaa mmoja wa watu wazima arobaini na mmoja waliookoka ghalani, ndipo akapewa kadi ya mkazi. Wengi walitoka wakitapika. Hakuna aliyetoka akisema historia ni somo la kukariri.

Ila kabla ya hapo ilibidi mtu apepete. Mwili hauna adabu, unaweka kila kitu. Katikati ya msiba ule manusura mmoja alimwaza mume wa jirani, mwingine alijikojolea, na watu hao sasa walikuwa na wajukuu. Mpepetaji huvaa kwanza, hukariri mahali, kisha kwa kisu chembamba hukata nyuzi hizo tu. Ukutani juu ya meza paliandikwa: PUMBA ITOKE, MCHELE UBAKI. Nani wa kusema pumba ni ipi, hilo halikuandikwa.

Subilaga alikuwa wa mwisho. Wenzake wote arobaini walishatoa, wengi walishazikwa na bado walikuwa wanavaliwa. Yeye, mwanzilishi mwenyewe wa Makumbusho, aliahirisha mwaka baada ya mwaka, mpaka figo zilipogoma na baraza la mji likamweleza, kwa upole usio na upole, kwamba saa yake haiwezi kwenda naye kaburini. Gwantwa alimwita Mama, na hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Aliulaza utando kisogoni akafumba macho.

Subilaga ana miaka ishirini na miwili na ni mpima parachichi kwenye ghala baridi la mji. Ziwa limecheua. Watu wanapiga kelele barabarani, limecheua, limecheua, na ukungu mweupe wa hewa ya sumu unashuka kutoka kwenye ziwa la kreta ukitambaa chini kwa chini, mzito kuliko hewa. Mbuzi wanalala kabla ya watu. Ghala baridi limejaa waliowahi kupanda. Mlango wake umezungushiwa mpira pande zote, hewa haipiti, na mwenye funguo ni yeye. Ukungu umefika kizingitini. Anausukuma mlango, anazungusha gurudumu la kufungia mpaka linagoma. Mgongoni kuna mtoto wa miezi saba, mzito, wa moto, pumzi yake inalowesha khanga.

Ndani ya mwili huo Gwantwa alitabasamu. Alijua mtoto ni nani: ni yeye mwenyewe. Mama yake mzazi, Mwalimu Tumpe, alikuwa akimwachia Subilaga kila asubuhi akielekea shuleni.

Mafeni ya ubaridi yananguruma. Watu wamesogea nyuma kabisa, mbali na mlango. Amebaki yeye peke yake, paji la uso likiwa kwenye chuma.

"Hodi."

Sauti ni ndogo, imechujwa na mpira. Neno "karibu" linapanda kooni lenyewe, bila kuitwa, jinsi mguu unavyoruka daktari akiligonga goti. Anaubana ulimi kwa meno.

"Hodi jamani. Ni mimi Mwalimu Tumpe. Niko na watoto tisa."

Mkono unashika gurudumu. Mtoto mgongoni ameijua sauti, anarusha miguu kwa furaha. Subilaga anaanza kumbembeleza, huku na huku, huku na huku, na mkono unaliachia gurudumu. Mdomoni kuna ladha ya damu.

"Hodi," kwa mara ya tatu, na safari hii watoto wanaitikia kwa pamoja kama wanavyofundishwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu: "Hodiii."

Kisha sauti ya mwalimu tena, ya kawaida kabisa. "Humu hakuna watu, wanangu. Tuteremkeni kwenye nyumba ya pampu, kule mtoni."

Gwantwa aliuvua utando akakaa sakafuni.

Mgeni angeuliza kwa nini Tumpe hakuupiga mlango mateke. Mgeni huyo hakulelewa Kisangole. Pale mtoto hufundishwa kabla hajajua kuhesabu: hodi ni tatu. Usipojibiwa, wenyewe hawapo, nenda zako. Ya nne ni ya askari au ya mwizi. Tumpe alikuwa mwalimu, na siku ile pia, huku ukungu ukiwalegeza watoto magoti, alibisha kama alivyowafundisha.

Na kwa miaka arobaini Subilaga alikuwa na sentensi moja, iliyochongwa kwenye jiwe la mlangoni pa Makumbusho: HAKUNA ALIYEBISHA.

*

Ukumbini darasa la nne lilikuwa kwenye ziara. Gwantwa alipotoka, macho mekundu, watoto walikuwa wamesimama mbele ya picha ya mama yake wakiimba somo ambalo kila mtoto wa mji alilijua.

"Ziwa likicheua?"

"Panda!"

"Nani aliteremka?"

"Tumpe aliteremka!"

Miili ya Tumpe na wanafunzi tisa iliokotwa mtoni, chini ya ghala, na jambo hilo lilitosha kwa kila mtu. Hewa nzito hukimbiwa juu. Mwalimu mzima, mwenye cheti, aliwapeleka watoto chini. Makumbusho yakamfanya somo, na somo likashika vizuri mno. Mume wake alifia bondeni asubuhi hiyohiyo, lakini yeye hakuimbwa, hakuwa na cheti.

Mbele ya picha hiyo alisimama pia Mzee Mwakyoma, mwenyekiti wa wazazi wa wale tisa. Wawili walikuwa wake, Lwitiko na Atuganile. Alikuja kila mwezi, akaitazama ile picha mpaka akashiba, akaondoka.

"Shikamoo, Mzee," alisema Gwantwa.

Hakujibu. Hakuwahi kujibu. Tangu Gwantwa ajue kusema, salamu yake kwa mzee huyo ilikuwa inaanguka chini na kubaki hapo.

"Nimesikia Subilaga ametoa," alisema Mwakyoma bila kumtazama. "Jumamosi mimi ndiye nitakayemvaa kwanza. Baraza limekubali."

"Una umri mkubwa, Mzee. Moyo wako..."

"Moyo wangu ulishaharibika, usiusumbukie. Nataka kumvaa aliyefunga mlango. Nataka nione kama kulikuwa na nafasi ya wawili." Akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza, na ingekuwa heri asingemtazama. "Na kisu chako ukishike vizuri. Nakujua. Ukikuta humo ubaya wa Aliyeteremka, usiukate ili kuwasafisha wa kwenu. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Gwantwa aliona kicheko kikimpanda, kicheko kibaya, akakimeza. Mzee alikuwa anamwonya asikate kitu kilekile ambacho angepiga magoti ili akisikie.

*

Nyumba ya Subilaga haikuwahi kufungwa mlango mchana. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba tangu Gwantwa akiwa mdogo: kwa Mama hupigi hodi, unaingia tu. Mgeni akifika na kuanza "Ho...," alikatizwa na "Ingia, ingia." Watu wakausifu ukarimu huo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema. Mchana ule Gwantwa alisimama kizingitini, akauangalia mlango ule uliokuwa wazi miaka yote, na pale alipozoea kuona ukarimu akaona hofu ya neno hodi.

"Ingia. Mbona umesimama kama mtu wa sensa?" Subilaga alikuwa kwenye kiti chake, miguu imevimba, blanketi mapajani. "Umepepeta?"

"Nimekuvaa."

"Sikukuuliza hilo."

"Aliita mara tatu, Mama."

"Najua aliita mara ngapi."

"Uliniambia hakuna aliyebisha."

"Niliuambia mji mzima. Wewe ni nani nikubague?"

Gwantwa alikaa. Alikuja na maneno mengi, njiani aliyapanga kama vyombo, akaanza na la zamani kuliko yote.

"Watoto walinizunguka shuleni wakiimba mama yangu aliteremka," alisema. "Ulikuwa unajua. Ulinipaka mafuta, ukanifunga viatu, ukanipeleka kwao."

"Na kila jioni ulirudi mzima. Hiyo ndiyo kazi niliyoachiwa, sikuachiwa nyingine." Subilaga aliuvuta mkongojo karibu, si kwa kuinuka, bali kupata cha kushika. "Sikiliza. Tangu siku ile ziwa limecheua mara mbili, na hakufa hata kuku. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila mtoto wa hapa anajua Tumpe aliteremka. Ukiwaambia alipanda, alifika, akafungiwa, safari nyingine watasimama njiani wajiulize: tukipanda tutafunguliwa? Na ukungu haumsubiri anayejiuliza."

Gwantwa alikitazama kiganja chake, ambacho asubuhi kilishika gurudumu.

"Labda wanaohitaji somo si wanaopanda," alisema. "Labda ni wenye kushika gurudumu."

"Ningefungua, tungekufa hamsini na wawili badala ya kumi. Hesabu hiyo niliianza ukiwa mgongoni mwangu na mpaka leo sijaimaliza. Kata, Gwantwa. Nusu dakika tu. Kwa nini unadhani ulisomea upepetaji? Ulitaka udaktari. Nililia nikakutuma huku, kwa sababu nilijua siku moja utando wangu utahitaji mkono wa mtoto wangu."

Nje kuku alikuwa anajisifu kwa yai lake.

"Mkono wa mtoto wa nani?" aliuliza Gwantwa.

Subilaga ndiye aliyegeuza uso kwanza.

"Kwa mlango sikulaumu," Gwantwa alisema akiinuka. "Labda hata mimi ningefunga. Nakulaumu kwa hii miaka arobaini."

"Basi nivae," alisema Subilaga akiutazama ukuta. "Kwa maana yoyote unayoitaka."

*

Alhamisi yote alikaa na utando chini ya kioo cha kukuzia, kisu mkononi. Kadiri alivyoutazama ndivyo alivyoona kazi yake ilivyokuwa na nguvu za kishenzi. Akizikata nyuzi za hodi, mama yake anabaki mjinga daima, na watoto wanaendelea kupanda. Akiziacha, jina linasafishika na mwanamke aliyemlea anararuliwa mbele ya mji wake.

Kulikuwa na njia ya tatu, nayo ndiyo iliyomtisha. Angeziacha hodi na kukata kitu kimoja kidogo tu: uzito wa mgongoni. Bila mtoto yule, Subilaga angekuwa mwanamke aliyesikia watoto akanyamaza, basi. Hakuna ambaye angeuliza aliyeokolewa ni nani. Gwantwa angetembea Kisangole akiwa mtoto wa shujaa, mikono safi. Kisu kilifika mpaka kwenye uzi huo. Aliuona ukitetemeka kwa pumzi yake mwenyewe.

Alikirudisha kisu kwenye ala. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliandika kwenye mtungi: HAUKUPEPETWA.

*

Sherehe ilifanyika ndani ya ghala lenyewe, mlango ule wa mpira ukiwa umeegemezwa wazi na jiwe. Watu mia tatu walibanana. Subilaga aliketi safu ya mbele na mkongojo wake. Alipouona mtungi na maandishi yake alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakukiagiza lakini anakijua.

Mwakyoma aliketi kwenye kiti cha kuvalia. Gwantwa aliulaza utando kisogoni mwake kwa mikono miwili. Watazamaji hawaoni chochote ila uso wa anayevaa, na uso wa mzee ulitulia, ukakunjamana, ukatulia. Mkono wake ulizungusha gurudumu lisilokuwepo. Mtu akakohoa. Mtoto akaambiwa nyamaza.

Kisha Mwakyoma akasema, kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake: "Karibu."

Watu walitazamana. Wanaovaa huwa wanaguna, wanalia. Hakuna aliyewahi kukaribisha.

"Karibu," alisema tena, kwa nguvu, na kiti kikalia. Gwantwa alijua mzee amefika wapi. Alihesabu moyoni. Sasa sauti zingekuwa nyingi, na katika hizo nyingi, mbili alizilea mzee mwenyewe.

"Karibuni!" Mwakyoma alisimama, mikono mbele, akigonga hewa kama kuna chuma. "Karibuni, wanangu, karibuni, ingieni!"

Ilibidi wanaume wawili wamshike. Gwantwa aliuvua utando, na mzee akabaki amesimama akihema, akiutazama mlango uliokuwa wazi na jiwe lake.

"Walibisha," alisema. Hakuuambia mji, alimwambia Subilaga. "Ulisikia."

"Nilisikia," alijibu Subilaga. Hakuinama. "Na mpaka leo nasikia. Kwenye kila mlango."

Hapo ghala lilichemka. Mwanamke mmoja alisema muuaji, wa pili akalirudia kwa sauti zaidi, na chupa ya maji ikapita juu ya vichwa ikapiga ukuta. Watu wa baraza walimzunguka Subilaga wakamtoa kwa mlango uleule, wakisukumwa, blanketi lake likikanyagwa. Mwalimu wa darasa la nne alikuwa anamuuliza kila aliye karibu naye: sasa tuwafundishe nini?

Mwakyoma alimjia Gwantwa. Watu walimpisha.

"Ulikuwa mgongoni," alisema.

"Nilikuwepo."

"Ungeweza kulikata hilo."

"Ningeweza."

Mzee alimtazama. Uso wake haukuwa na huruma, wala haukuwa na uongo. "Marahaba," alisema. "Hiyo ni ya salamu zako zote, tangu utoto. Mama yako aliwafikisha wanangu mlangoni, na nilimtemea mate miaka arobaini. Nitalisema hadharani na picha ile nitaishusha kwa mkono wangu. Lakini wewe nikikuona nitamwona aliyekuwa ndani. Usinisalimie tena."

Gwantwa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amepata alichokitaka, na kilimchoma kila alipokigusa.

*

Jumapili asubuhi alikwenda. Ukuta wa nyumba ya Subilaga ulikuwa umepakwa matope, na juu ya bati kulikuwa na mawe ambayo hayakuwepo juzi. Majirani walikuwa nje wakifagia viwanja ambavyo vilishafagiwa, wakimwangalia.

Mlango ulikuwa umefungwa.

Hakuwahi kuuona hivyo. Hakujua hata rangi yake ya nje, na sasa aliiona, kijani iliyopauka upande mmoja. Alisimama hapo, hasira yake imejaa mpaka shingoni. Hakujua kama amekuja kusamehe au kumvaa yule bibi kwa maana ya kawaida ya neno. Alijua tu kwamba figo zile zilihitaji dawa saa mbili, na kwamba hakuna mwingine Kisangole ambaye angempelekea.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi. Ni mimi, Gwantwa."

Ndani kiti kililia. Mtu alivuta pumzi akaizuia. Gwantwa aliisikia kupitia mbao, karibu sana, kimo cha paji la uso.

"Hodi, Mama."

Alisubiri. Jirani aliacha kufagia. Ndani hapakutoka sauti, na mguu wake uliolelewa vizuri ulishaanza kugeuka wenyewe, kama mguu wa mtu yeyote wa Kisangole.

Mama yake mzazi aliishia hapo, kwenye hodi ya tatu. Gwantwa aliurudisha mguu, akalaza paji la uso kwenye mlango, akabisha ya nne.